Mpangaji wa Oleta Anajipikia

Kila asubuhi Oleta Fugate huwaokea mikate wajukuu wake wawili. Akishatoka jikoni, mpangaji wake huingia na kikaango chake. Jina lake Virgil Noble, na anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Hukaanga mayai yake, na mara nyingi huyaunguza.

Virgil analipia chumba tu. Chakula hununua mwenyewe, na ana kabati lake. Kodi yake ndiyo inayolipia gesi ya kupasha nyumba joto, na baridi ya milima yetu ya Kentucky haina huruma.

Oleta hupata msaada wa chakula wa serikali. Ulipofika wakati wa kuuomba upya, karani alimpigia simu.

"Huyo mpangaji anakula na nyinyi?"

"Anakula, ndiyo," alijibu Oleta. "Hakuna anayekaa na njaa chini ya paa langu."

Hapo ndipo alipojikwaa. Kwetu milimani, kumuuliza mama kama mtu wa nyumbani kwake anakula ni kumvunjia heshima. Jibu ni moja tu. Kweli, Jumapili Oleta humpa Virgil sahani ya maharage na mkate wa mahindi, kama ambavyo angempa jirani yeyote. Lakini karani alimhesabu Virgil kuwa mtu wa kaya ile, na mshahara wake wote ukaingizwa kwenye kipato cha Oleta. Barua ikaja kwamba mwezi ujao msaada utakatwa.

Virgil aliposikia, alianza kufunga mizigo. "Mimi naondoka, mama. Watoto wapate kula."

"Uende wapi? Rudisha hizo nguo. Ukiondoka watakula huku wanatetemeka."

Majirani wakamwambia Oleta aache, serikali haishindwi. Oleta akasema basi itamshinda akiwa amesimama. Akaenda kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, ambako hakuna malipo. Alipokewa na mwanasheria, Marvella Sizemore.

"Chakula cha Virgil ananunua nani?" aliuliza Marvella.

"Mwenyewe."

"Anapika nani?"

"Mwenyewe. Na hajui kupika."

"Si mumeo? Si mwanao?"

"Binti, mimi nina macho."

Marvella akacheka. "Basi yeye ni kaya yake, na wewe kaya yako. Mtu anayelipia chumba tu, akajinunulia na kujipikia, hahesabiwi na familia ya mwenye nyumba. Mshahara wake haukuhusu. Kinachohesabiwa kwako ni kodi anayokulipa, tena baada ya kutoa gharama za kupangisha. Angekuwa analipia chumba pamoja na milo, kanuni zake ni nyingine. Hapo uje uulize kwanza."

"Na sahani ya Jumapili? Nilipompigia karani kuhusu barua, alisema niiache."

"Wanaangalia mnavyoishi siku zote. Sahani ya mgeni haimfanyi mtu kuwa wa kaya yako."

"Afadhali. Maana nisingeiacha."

"Basi omba shauri lako lisikilizwe na afisa mwingine. Ni haki yako. Ukiomba kabla msaada haujakatwa, unaweza kuendelea kuupata ukisubiri. Ila ukishindwa, watadai urudishe."

"Sishindwi," alisema Oleta. Usiku ule, hata hivyo, aliogopa sana.

Siku ya kusikilizwa, afisa alimuuliza, "Ulimwambia karani kwamba mpangaji anakula kwenu?"

"Nilisema, na sikusema uongo. Lakini sikuulizwa nani ananunua wala nani anapika. Nyinyi mliuliza kama mimi ni mchoyo, nikajibu kuwa si mchoyo. Kwa jibu hilo mnataka kuwanyima watoto chakula?"

Virgil naye alieleza jinsi anavyonunua na kupika. Afisa alimsikiliza hadi mwisho. Baadaye uamuzi ukatoka: Virgil ni kaya yake mwenyewe, msaada wa Oleta usikatwe. Oleta alilia, kisha akakasirika kwamba amelia.

Tangu hapo, kina mama wengi wenye wapangaji humwendea Oleta, naye huwaelekeza kwa Marvella. Na wakati wa kuomba upya ulipofika tena, karani alipiga simu.

"Mpangaji wako anakula na nyinyi?"

"Dada, anza upya. Niulize nani ananunua chakula chake."

Karani akauliza, "Nani ananunua chakula chake?"

"Mwenyewe. Sasa niulize nani anapika."

"Nani anapika?"

"Mwenyewe. Jumapili ni mgeni wangu. Andika na hilo, halafu unisomee ulichoandika."

Karani akamsomea.