Sigara ya Wiebke

Mimi mambo ya mikosi nilikuwa nayacheka. Siku hizi sicheki. Nimechoka tu.

Shoga yangu Wiebke, jirani yangu wa mlango kwa mlango hapa Lübeck, ametembeza wanafunzi wa kigeni miaka ishirini na miwili. Maneno yale yale kila siku: lango kuu lililoinama, kengele zilizoanguka kanisani, vitamu vya lozi viitwavyo marzipani. Alhamisi ile alikuwa na wanafunzi wa Kireno, magoti yanamuuma, na kichwani ana jambo moja: mumewe Henning, fundi wa mitambo melini, yuko kwenye safari ya mwisho kabla ya kustaafu. Jumamosi angerudi nyumbani moja kwa moja.

Ziara yake huishia uani mwa baa moja ya mabaharia, saa kumi jioni. Hapo ana mchezo wake. Hutia sigara mdomoni, akaisogeza kwenye mshumaa wa mezani, kisha akaivuta nyuma ghafla.

"Ala! Hapa kwetu ukiwasha sigara kwa mshumaa, baharia mmoja anakufa!"

Wanafunzi hucheka, yeye hurudisha sigara kwenye pakiti. Haijawahi kuwaka hata mara moja.

Alhamisi mkono ulichelewa. Uchovu tu, jamani. Sigara ikashika moto.

"Haya mama, umeshaua!" akatania mwanafunzi mmoja, wenzake wakapiga makofi.

Wiebke akaiponda haraka kwenye kisahani cha majivu. Akampigia Henning. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

"Shoga, baharini mtandao wa shida," nilimwambia aliporudi. "Hizo ni hadithi za kuchekeshea wageni, utajitia wazimu bure."

Tangu hapo hakula wala hakulala.

Jumamosi saa nne asubuhi Henning akaingia. Nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu haya. Wiebke alimkumbatia akalia kama mtoto. Nikammiminia Henning kahawa. Hakuinywa. Alikikumbatia kikombe kwa viganja viwili.

"Umechoka, mume wangu?"

"Nimechoka. Nimeogelea sana."



"Alhamisi nilianguka," akanong'ona Henning. "Ukungu mtupu. Meli siioni. Halafu nikaona kimoto kidogo, chekundu. Kinanukia tumbaku yako. Nikakifuata. Nilikuwa nimekaribia kabisa."

Akamtazama mkewe.

"Mbona ulikizima?"

Akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Kengele ya mlango ikalia. Watu wawili wa kampuni ya meli, kofia mikononi. Wakasema Henning alitumbukia baharini Alhamisi, saa kumi na dakika kumi jioni. Mwili umeopolewa leo alfajiri.

"Mnasema nini nyie? Yumo ndani!" nikafoka.

Nikafungua chumba. Hakuna mtu. Kitanda kimetandikwa, hakijaguswa. Mto tu ndio umelowa. Nikaugusa, nikaonja kidole. Chumvi.

Niliporudi mezani Wiebke alikuwa amekodolea macho kikombe cha mumewe. Kahawa imejaa vile vile. Kwenye kisahani cha kikombe hicho kulikuwa na kipande cha sigara kilichopondwa, kina rangi ya mdomo ya Wiebke. Ni kile alichokiacha baa.

Kilikuwa kimelowa chapachapa. Na bado kilikuwa kinafuka moshi.