Chupa Zisizo na Karatasi

IJUMAA, SAA 11:15 JIONI

Bastien Courtaud alichora ramani kwa chaki sakafuni, katika chumba cha nyuma cha karakana yake ya matairi mjini Beaune, Ufaransa. Lango. Ua. Ngazi. Ghala la divai chini ya ardhi.

"Kesho shamba la mizabibu la Vaubrun wanamaliza mavuno," alisema. "Saa sita na nusu wavunaji na tajiri wao wanakaa mezani. Hawainuki mpaka saa nane. Nadège anaingia na gari la dobi, kama analeta vitambaa vya meza. Tunashuka. Dakika arobaini. Chupa mia tatu za Clos, divai yao ya bei kuliko zote. Tunayeyuka."

Nadège, dereva, aliitikia kwa kichwa bila kutoa sigara mdomoni.

Odilon Perrachon hakuitikia. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza akitunza divai ndani ya ghala lile lile. Kisha mzee Vaubrun alifariki, na mwanawe Ghislain akamfukuza Odilon kwa barua ya mistari mitatu. Hata chupa moja ya kuagwa hakupewa. Ndiyo maana leo alikuwa hapa, amekaa na majambazi.

"Kuna jambo hujanipa nafasi nilimalize," alisema. "Chupa za ghalani hazina karatasi ya jina ubavuni. Zinabandikwa zikiuzwa. Mle zimelazwa tu, rundo kwa rundo, zote sawa kama mayai."

"Si ndiyo maana upo? Utatuonyesha."

"Na hata karatasi ingekuwepo, haitaji aina ya zabibu. Inataja shamba. Lazima ujue mwenyewe kwamba Clos ni Pinot noir tupu. Zabibu ya ngozi nyembamba, rangi yake hafifu..."

"Mzee, divai ni divai. Kuna nyekundu, kuna nyeupe, basi."

"Si basi! Kuna Gamay ya kunywesha vibarua, na yenyewe ni nyekundu..."

"Nimesema basi." Bastien aliifuta ramani kwa soli ya kiatu.

Odilon alitia kizibuo chake mfukoni, akatoka.

JUMAMOSI, SAA 6:41 MCHANA

Uani kulikuwa na kelele za sahani na vicheko. Nadège aliegesha gari kinyumenyume. Kufuli la ghala lilikatika kwa mkato mmoja wa mkasi wa chuma. Walishuka.

Odilon alimulika tochi, akasimama ghafla.

"Vibao viko wapi?"

"Vibao gani?"

"Vya mawe. Niliandika alama kwa chaki, kila rundo na chake. Huyu mpumbavu Ghislain kaviondoa vyote!"

Mwisho wa ghala yalilala marundo mawili. Chupa zile zile, vumbi lile lile. Odilon alitoa kizibuo mfukoni na kikombe cha bati. Alifungua chupa moja kila upande. Ya kwanza aliisukutua, akaitema. Ya pili aliishikilia mdomoni, macho kayafumba. Aliijua. Ulikuwa mwaka wa mvua ya mawe, nusu ya mizabibu ilipopondeka, naye akakaa siku tisa akichambua zabibu kwa mkono, moja moja.

"Hii," alisema. "Rundo la kushoto."

Bastien alimulika kikombe. Kilikuwa chekundu hafifu, kama juisi ya rosela iliyotiwa maji. Alimimina ya kulia kiganjani. Nzito, karibu nyeusi.

"Unanichezea, mzee? Kitu cha bei kinakuwa maji maji hivi?"

"Hiyo nyeusi ni Gamay, wameichanganya na zabibu ya kutia rangi. Wewe umezoea Cabernet za Bordeaux, zabibu za divai nyeusi. Pinot haipimwi kwa macho. Onja!"

"Sikuja kunywa. Beba za kulia."

"Nakwambia—"

"Beba!"

SAA 6:58 MCHANA

Kreti ya nne ilipanda. Odilon hakugusa za kulia. Alijaza kreti yake mwenyewe kutoka kushoto, jasho likimtoka, akinung'unika peke yake. Bastien alimpokonya kreti. Odilon aling'ang'ania. Chupa mbili zilipasuka sakafuni.

"Miaka ishirini na miwili!" Odilon alifoka. "Ishirini na miwili nipo humu, halafu wewe muuza matairi unifundishe!"

Kitako cha bastola ya Bastien kilimpata mdomoni. Alianguka juu ya vigae vya chupa.

Nadège alikuwa kwenye ngazi, ameona yote.

"Bosi, mzee anajua kazi yake. Tuchukue nusu kwa nusu."

"Umekuwa wakili wake?"

"Nasema tu—"

"Endesha gari. Ndiyo kazi yako."

Nadège alimtazama Odilon, akaendelea kupandisha kreti mpaka ya mwisho. Mlango ulibamizwa, Odilon akiwa bado ndani. Komeo la nje likasukumwa.

"Tulikubaliana tunatoka watatu," sauti ya Nadège ilisikika kwa mbali.

"Dili limebadilika."

Injini iliwaka.

SAA 7:34 MCHANA

Mpishi ndiye aliyeshtuka: gari la dobi limeondoka na vitambaa havijashushwa. Komeo lilipofunguliwa, waliingia askari wawili, na nyuma yao Ghislain Vaubrun, kitambaa cha kulia chakula bado kimechomekwa kwenye kola.

"Wameelekea wapi?" askari aliuliza.

"Barabara ya Autun. Gari jeupe la dobi. Watarudi karakana ya matairi ya Courtaud."

Odilon alisema bila kuulizwa mara mbili, na hakuona aibu. Askari mmoja alipanda mbio, redio mdomoni.

Ghislain alisimama kati ya rundo lililobaki na lile lililotobolewa. Alishika chupa ya huku, ya kule, akazirudisha.

"Odilon," alisema taratibu. "Vibarua waliviondoa vibao vyako. Jumatatu wanakuja kubandika karatasi. Waliyochukua ndiyo Clos, au iliyobaki?"

Tangu azaliwe, huyu hakuwahi kumuuliza Odilon swali ghalani. Odilon alifuta damu kidevuni, akakisogeza kikombe cha bati na zile chupa mbili alizozifungua.

"Onja."

Ghislain alionja. Alionja tena. Alimtazama askari, kisha sakafu, na masikio yake yakawa mekundu.

"Sijui," alisema.

Odilon aliinuka kwa kushika ukuta. Alimnyooshea askari mikono yake yote miwili, pingu zikalia, na tajiri alipouliza tena, sasa kwa kusihi, Odilon alikuwa ameshaanza kupanda ngazi na jibu lake.