Nakala ya Asubuhi

Saa 7:20 mchana. Kaisho, chumba cha nyuma cha duka la simu.

"Rudia," alisema Rogasian, bosi.

Kauthar hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. Ukurasa wa ushirika wa kahawa aliuandika yeye, kabla hawajamfukuza kazi. "Mlinzi wa ghala anaangalia vibali vya malori kwenye simu. Programu ya ukurasa haiulizi kanzidata, hifadhi kuu ya taarifa, kila mara, ingechelewa. Inampa nakala iliyohifadhiwa. Ikipita dakika tano, inachukua mpya."

"Na leo?"

"Leo haichukui. Nimegandisha nakala ya asubuhi, lori letu likiwa bado na kibali. Wamekifuta saa sita, ila mlinzi hataona." Akamgeukia mdogo wake, Hanifu, dereva. "Hali ya vizuizi vya polisi iko ukurasa huohuo. Nayo ni ya asubuhi. Usiiamini. Nipigie mimi, naiona kanzidata yenyewe."

"Hakuna kupiga simu," Rogasian aling'aka. "Zinasikilizwa."

"Kula, dada," Hanifu akacheka. "Ndizi zinapoa."

Mama yao alikufa akimwachia Kauthar neno moja tu: mtunze huyu.

Saa 8:40. Ombi la mlinzi liliingia, nakala ikatoka papo hapo. Lango la ghala likafunguliwa. Kauthar alifurahi, akajichukia kwa kufurahi.

Saa 10:05. Rogasian aliingia peke yake, viatu vimejaa udongo. Nje liliunguruma lori jingine, limejaa magunia ya kahawa.

"Hanifu yuko wapi?"

"Tulihamishia mzigo migombani. Nikamtuma na lile lori tupu, njia ya Kamuli. Polisi lazima wapate cha kufukuza."

"Kamuli kuna kizuizi!"

"Ukurasa ulisema njia iko wazi. Nilimwambia umeshaurekebisha." Akatazama pembeni. "Hakusimama. Wakampiga risasi. Nimepigiwa sasa hivi. Amekufa."

"Ulisema hakuna kupiga simu."

Rogasian aliingiza simu mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na Kauthar alikuwa amekilisha kwa mkono wake. Alitaka kupiga yowe. Hakupiga.

"Njia ya Mabira napita?" Rogasian aliuliza.

Kanzidata ilisema: Mabira, polisi. Kauthar aliifunga, akafungua ukurasa wa asubuhi, akamgeuzia skrini. Mabira: wazi.

"Umeurekebisha kweli?"

"Hiyo ni ya sasa hivi, kaka."

Akatoka mbio. Lori likang'oka kuelekea Mabira. Kauthar akafunika sahani ya ndizi, na ndipo alipolia.