Hilda na Ng'ombe Aliyebana Maziwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hilda alikata majani kihambani, kwenye shamba lao la migomba na kahawa, akayaweka kwenye hori la Zawadi, ng'ombe wao, akapasha maji ya kumwosha kiwele, ndipo akakamua. Nyumbani kwao Kirua Vunjo, tangu bei ya kahawa ianguke, maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyonunua madaftari na sabuni. Hilda alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi hiyo hakumwachia mtu mwingine.

Wiki ile, hata hivyo, alikamua huku mawazo yake yakiwa kanisani. Jumapili ilikuwa siku ya kipaimara. Watoto wangesimama mbele ya usharika mzima, Mchungaji awaulize Katekisimu, na kila mmoja ajibu kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma. Asiyejibu angerudi darasani mwaka mwingine, na mbuzi wa sherehe ameshachinjwa! Hilda alijua majibu yote. Lakini siku ya mazoezi alisimama, na neno likagoma kutoka. Mwenzake Hosea, mtoto wa jirani, ambaye hata hajui kama amri za Mungu ni kumi au mia, alicheka mpaka akashika mbavu.

Ijumaa akafika baba yake mdogo, Eliufoo, kutoka Bomang'ombe. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua kahawa, bwana huyu alikuwa amenunua magunia machache na kofia moja ya pama, basi akajiona tajiri. Katika kila sherehe kazi yake ilikuwa kula, kuchokonoa meno na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

"Shikamoo, baba mdogo," Hilda akamsalimu.

"Marahaba. Eti unaogopa kanisa? Sisi tulijibu kama askari! Woga ni uvivu tu, na dawa ya uvivu ni fimbo."

Upuuzi mtupu! Mtu mzima asiyejua tofauti ya woga na uvivu angefunga mdomo wake akale ndizi. Hilda, masikini, alimwamini. Kila alipofungua Katekisimu alijitukana: "Mjinga mimi! Mwoga mkubwa!" Na kila alipojitukana, woga ulizidi. Akaanza kupanga kujifanya ana malaria siku ya Jumapili.

Jumamosi asubuhi Eliufoo akawaongoza wageni waliokuja kwa ajili ya sherehe hadi bandani kumtazama Zawadi. Huku kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba mgeni haingii bandani ng'ombe anapokamuliwa. Yeye aliingia na kofia yake, akikohoa na kupiga kelele. Zawadi akatoa macho. Hilda akavuta chuchu, lakini hakikutoka kitu.

"Amebana maziwa," akasema. "Naomba mtoke."

"Anakaidi huyo! Mchape!" Eliufoo akaokota fito, akamcharaza Zawadi mgongoni. Zawadi akarusha teke, ndoo ikaruka mpaka ukutani.

Hilda akasimama katikati yao. "Samahani, baba mdogo, ukimpiga hatatoa hata tone! Hakaidi. Ameogopa. Tokeni, tafadhali!"

Wakatoka, Eliufoo akinung'unika kuhusu watoto wa siku hizi. Mama yake Hilda, Ruth, aliyekuwa amewafuata, alibaki mlangoni. Hilda akaosha kiwele tena kwa maji ya vuguvugu, akaegemeza kichwa ubavuni mwa Zawadi, akapumua taratibu na kumwimbia. Hakumharakisha. Punde maziwa yakaanza kulia ndani ya ndoo.

"Kwa nini hukumpiga?" mama akauliza.

"Mama! Si ulinifundisha mwenyewe? Ng'ombe aliyeogopa hapigwi. Anatulizwa."

"Vizuri. Na wewe je? Tangu jana nakusikia ukijiita mjinga. Umeogopa tu, kama Zawadi, halafu unajichapa fimbo. Umegeuka baba yako mdogo."

Hilda akaacha kukamua. Kufananishwa na Eliufoo! Afadhali angeitwa mwizi wa kuku. Machozi yakamtoka, akaeleza yote, hata mpango wa malaria.

"Umefanya vema kuniambia," mama akasema. "Sasa twende kanisani, ukazoee pale pale utakaposimama."

Mchana ule Hilda alisimama mbele ya viti vitupu, mama akiwa ameketi nyuma kabisa. Sauti ilipokwama, alitoa pumzi polepole, akaanza tena. Walirudia mpaka mama akasikia kila neno.

Jumapili kanisa likajaa. "Hilda, amri ya nne na maana yake," Mchungaji akasema. Hilda akasimama, jibu lisitoke. Eliufoo akasonya kwenye kiti cha mbele. Hilda akajiambia, "Umeogopa tu. Subiri kidogo." Akatoa pumzi, kisha akajibu, kwanza kwa sauti ya kutetemeka, halafu kwa sauti iliyofika nyuma kabisa. Mama yake akainama akajifuta macho kwa kitenge.

Kwenye sherehe, Eliufoo akaombwa awashukuru wageni kwa niaba ya ukoo. Akasimama kwa mbwembwe, akavua kofia, akamtazama Mchungaji na wazee wa kanisa. Neno likagoma kutoka. Akaizungusha kofia mikononi, akafungua mdomo, akaufunga. Askari wetu huyo! Hosea akaanza kucheka, na mimi ningecheka naye kwa raha zangu.

Hilda hakucheka. Alimpelekea glasi ya maji, akamnong'oneza, "Pumua kwanza, baba mdogo. Hakuna anayekuharakisha."

Eliufoo akanywa, akapumua, akasema asante kwa maneno machache kuliko yote aliyowahi kusema. Kisha akaketi, na hakutaja fimbo tena siku ile.

Jioni, walipokuwa wakiosha vyombo, Hosea akauliza kwa nini Hilda hakumwacha mzee yule aaibike.

"Kwa sababu anajua inavyouma," Mama Ruth akajibu. "Sikilizeni, wanangu. Kila mtu huogopa, hata mwenye kofia kubwa. Usijitukane wala usikimbie. Mwambie mtu unayemwamini, tuliza pumzi, jizoeze, kisha kasimame. Na ukimwona mwenzako ameogopa, weka fimbo chini."

Hosea akainamisha kichwa. Hilda akachukua ndoo, akaenda kumkamua Zawadi.