Moyo wa Pili wa Chelagat

Chelagat alikuwa ameketi kwenye nyasi kando ya uwanja, amekunja miguu, anamenya chungwa, lakini redio iliyokuwa juu ya boneti ya Peugeot ilisema anakimbia.

Kocha wake, Balbir Singh, aliinama akatega sikio. Du-du, du-du, du-du, mbio mbio, kama mtu anayepanda mlima huku anafukuzwa. Akazungusha kitufe. Akaipiga redio kofi. Mapigo hayakupungua.

Kifaa kile alikitengeneza mwenyewe mwaka huo wa 1971, nyuma ya duka lake la kutengeneza redio mjini Nakuru: mkanda wa kufunga kifuani wenye vibati viwili vya shaba, na kisanduku kidogo cha mgongoni cha kurusha sauti ya moyo hadi kwenye redio. Alikuwa amesoma gazetini kwamba huko ng'ambo makocha wanapima mioyo ya wakimbiaji wao wakiwa mbioni, naye akachoka kukisia. Chelagat, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekuwa mkimbiaji wake bora, na mwezi uliofuata angekwenda Nairobi kwa majaribio ya timu ya taifa.

"Hebu lete mkono," alimwambia.

Akamshika penye kifundo cha mkono, akatazama saa. Mshipa ulipiga taratibu, mapigo ya mtu aliyepumzika. Redio iliendelea kutimka.

"Kuna nini, Kochi?"

"Jasho limeingia kwenye waya. Hebu zunguka uwanja. Anza polepole, kisha ongeza."

Chelagat akaondoka. Kadiri alivyoongeza mwendo ndivyo redio ilivyozidi kupoa. Alipofika upande wa pili, akikimbia kwa nguvu zake zote, mapigo yalikuwa yamelegea kabisa, du... du... du..., kama ya mtoto aliyesinzia mgongoni mwa mama yake.

Balbir alibadilisha waya. Akabadilisha betri. Akadhani ni mawimbi ya redio za polisi, akampeleka Chelagat mbali na mji, kwenye barabara ya vumbi. Mambo yakawa yale yale. Alimpeleka kwa daktari, naye daktari akasema hajaona moyo mzima kama ule. Mwishowe Balbir akajiambia kwamba kifaa kinasoma kinyume, na kwamba fundi mwenye akili anaweza kukielewa hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba hakutaka kuuliza sana. Chelagat alikuwa anakimbia kuliko alivyowahi kukimbia, hahemi, hatoki jasho, na Balbir alikuwa amengoja mkimbiaji wa namna hiyo tangu ujana wake.

Siku moja adhuhuri, Kipkemei, mume wa Chelagat, aliingia dukani. Alikuwa karani wa posta, mtu mnene, mpole, asiyekimbilia hata basi. Mkewe alikuwa amebaki nje, ameketi kwenye benchi ya barazani. Kipkemei akaurudisha mlango nyuma yake.

"Bwana Singh," alinong'ona, "ule mkanda unamfunga mke wangu mazoezini tu. Ukishamfungua, si sauti inaisha?"

"Inaisha kabisa."

"Basi nani anahema kwangu?"

Balbir akaweka chini bisibisi.

"Akikaa tu kula," Kipkemei aliendelea, "kuna mtu anaanza kukimbia nje, anazunguka nyumba. Nasikia miguu, miguu mitupu. Nikitoka sioni mtu. Mke wangu akisimama, miguu inanyamaza. Na nyumba inanuka, Bwana Singh. Inanuka ngozi mbichi na majivu."

Balbir alifungua kinywa amjibu kwamba nyumba za mabati zina sauti nyingi, lakini hakuwahi, maana nyuma yake, kwenye rafu walikowekwa wagonjwa wake, zile redio zilizoletwa na watu ambazo nyingine hazikuwa na betri na nyingine alikuwa amekwisha kuzitoa matumbo, kitu kilianza kugonga, kwanza katika redio moja, kisha katika ya pili, kisha katika zote kwa pamoja, du-du, du-du, du-du, mbio mbio, mpaka vioo vya kabati vikatetemeka na harufu ya majivu ikajaa duka, naye akahisi pumzi ya moto ikimpita shingoni, ikirudi, ikimpita tena, kama ya mtu anayezunguka chumba akitafuta pa kutokea.

Mlango ukafunguka. Chelagat alikuwa amesimama pale. Redio zikanyamaza.

"Hata mimi namsikia," alisema kwa sauti ndogo. "Siku ile ya ukungu, Kochi, nilipokwenda peke yangu kule juu Menengai, ukingoni mwa lile shimo la volkano. Nilisikia mtu nyuma yangu, anahema vibaya, amechoka. Nilidhani ni mkimbiaji mwenzangu. Nikageuka, sikuona mtu. Nikasema tu, 'Njoo, twende.' Tangu hapo sichoki."

Akainama akavua kiatu. Soksi ilikuwa imegandana na damu. Kucha mbili hazikuwapo.

"Na siumii," akasema, machozi yakimtoka. "Kochi, siumii hata kidogo."

Balbir aliutazama ule mguu, akaona aibu kwa yote ambayo hakutaka kuuliza.

Kipkemei alikuwa na shangazi yake upande wa Solai, Chepkurui, mjane aliyejulikana kwa kuwatoa watu mashetani. Walimwendea siku hiyo hiyo. Mama huyo hakumtazama Chelagat usoni. Alimtazama juu kidogo ya bega. Akaomba mkanda ufungwe na redio iwashwe, akamkalisha Chelagat, akamsimamisha, akamkimbiza uani, akamkalisha tena, akisikiliza muda wote amefumba macho.

"Ni mwanamume," alisema. "Kijana. Wakati wa vita vya zamani watu walisukumwa kule shimoni Menengai. Wengine walifika ukingoni bado wako mbioni. Miili ilianguka. Huyu hajaacha kukimbia."

"Anataka nini kwa mke wangu?" Kipkemei akauliza.

"Kubebwa. Mkeo akikimbia, yeye anapumzika. Mmemsikia mapigo yake yakilala. Mkeo akikaa, yeye anaanza tena safari yake, na hataki. Kwa hiyo hatamruhusu akae. Atamkimbiza mpaka miguu iishe, kisha atafute mwingine."

"Anaingiaje?"

"Kwa kuitwa. Hawezi kupanda asipoitwa."

Kesho yake asubuhi walimpeleka Menengai, mahali pale pale kwenye ukingo. Ukungu ulikuwa umelijaza shimo kama maziwa kwenye kibuyu, na mvuke wa chini ulinuka kiberiti. Chepkurui alimkalisha Chelagat chini, akamzungushia majivu, akamfunga miguu kwa kamba ya ngozi. Balbir na Kipkemei wakamshika mabega.

"Asisimame," mama aliwaambia. "Hata akiwaomba namna gani."

Redio ilianza mara moja. Kisha miguu ikaanza, miguu mitupu juu ya kokoto, ikiwazunguka, na nyasi zikalala na kuinuka pasipo mtu, na kila mzunguko ulikuwa wa karibu kuliko uliotangulia, na miguu ya Chelagat yenyewe, ingawa ilikuwa imefungwa, ikaanza kupiga ardhi kama ya mtu aliye kwenye mita za mwisho, huku Chepkurui akisema maneno yake ya Kikalenjin bila kupaza sauti, bila kukoma, na ile harufu ya ngozi mbichi ikawakaba wote, mpaka Chelagat akageuza uso akamtazama Balbir kwa macho ambayo hakuyajua.

"Kochi, niache nikimbie. Mara moja tu. Naomba."

Hata hapo, mikono ya Balbir ilitaka kulegea. Alifumba macho akamkaza zaidi.

Kisha miguu ile ikaachana nao. Waliisikia ikienda kuelekea ukingoni, ikififia. Redio ikakoroma, ikatoa mapigo ya mioyo miwili kwa pamoja, na mmoja ukatoweka. Uliobaki ulikuwa unapiga haraka, kwa shida, bila mpangilio, moyo wa mtu aliyechoka kupita kiasi. Chelagat alianza kuhema. Kisha akalia, akishika miguu yake.

"Inauma," alisema. "Inauma sana."

Balbir alicheka na kulia. Kipkemei alimkatia kamba, akamnyanyua mkewe mikononi.

"Haya, pole, mama. Twende," akasema. "Twende nyumbani."

Chepkurui, aliyekuwa akikusanya vitu vyake, aliinua kichwa. "Umesema nini?"

"Namwambia mke wangu, shangazi."

Mama aliugeukia ukungu, akatega sikio.

Majaribio ya Nairobi yalipita bila Chelagat. Miguu yake ilipona polepole, naye akarudi kufundisha, akitembea kwa kuchechemea. Balbir aliuvunjavunja ule mkanda kwa nyundo na hakusikitika.

Ikawa alasiri moja Chelagat akaja dukani, akashika meza kwa mikono miwili.

"Kochi, Kipkemei ametoka kazini mbio."

"Labda mvua."

"Hakuna mvua. Jana pia alikimbia. Juzi pia. Leo asubuhi nimekuta viatu vyake vimepasuka, nikamuuliza, akasema anajisikia mwepesi."

Balbir aliangalia nje. Kipkemei alikuwa anakuja barabarani, na tai yake ya posta shingoni, tumbo lake likiruka, uso mkavu, anatabasamu. Hakuwa anahema. Katika vumbi nyuma yake aliacha alama nyekundu za nyayo.

Balbir akakimbilia mlangoni, akavuta pumzi amwite. Chelagat alimwahi, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usimwite, Kochi," alinong'ona. "Hujui ni nani ataitika."