Shafti Iliyofichwa Stoo

Sogeeni karibu, majirani, na wenye magari wazime injini kwanza, maana haya yanawahusu. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu imekaa dirishani, na dirisha langu linatazama uwanja wa nyumba ya pili. Sehemu kubwa ya mambo haya niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki nilisimuliwa na mwenyewe aliyeumia. Si kawaida yangu kuanika mambo ya watu, lakini hili nikilinyamazia nitapasuka.

Katika nyumba ile waliishi mume na mke. Mume alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro, mtu safi, mpole wa maneno, hanywi, hagombi na mtu. Mtaani tulimwita Bwana Tone kwa sababu hakuna tone lililompotea. Bomba likivuja atalifunga kwa mpira, taa ikiwaka bure ataizima hata kama si yake. Siku moja aliingia kwangu kuniamkia akanizimia taa huku nimeshika sindano. Mke alikuwa mkunga wa zahanati yetu. Watoto wengi mnaowaona wakicheza mpira hapo nje walipokelewa na mikono yake.

Walikuwa na gari la zamani, lile refu la familia, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Hawakulinunua kwa fahari. Zahanati yetu iko bondeni na haina gari la wagonjwa, na hospitali ya upasuaji iko ng'ambo ya kilima. Njia ni mbili. Moja inapanda kilima. Ni fupi, lakini ni udongo mtupu, na mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Nyingine ni ya lami, inakizunguka kilima chote. Ni ndefu ila haina maudhi. Mke na mume walikubaliana kuchukua gari la kuvuta mbele na nyuma ili mzazi akizidiwa apitishwe kilimani, iwe mvua au jua. Na kweli gari lile lilipanda. Malori yalikwama, lenyewe likapita polepole linanguruma, nasi tuliolisikia tulijua kuna mama anaokolewa.

Kasoro yake ilikuwa moja tu. Lilikunywa mafuta bila haya.

Jumamosi moja asubuhi niliwaona wawili hao uwanjani wakilishughulikia pamoja. Ilikuwa raha kuwatazama. Mume alifungua ile fremu ya mizigo iliyokaa juu ya paa miaka na miaka bila mzigo, akasema inapigana na upepo bure. Akatoa chujio la hewa, akaligonga, likatoka vumbi la kutosha kupandia mchicha. Akabadilisha plagi. Akajaza upepo matairi yaliyokuwa yamelegea. Kisha akafungua buti.

"Mama watoto, haya matofali yanakwenda wapi?"

"Uliyapakia wewe, ulisema utajenga banda la kuku."

"Kuku wenyewe tumeshawala."

"Basi gari limebeba banda la marehemu," mke akasema, wakacheka mpaka nami dirishani nikacheka.

Wiki zilizofuata mshale wa mafuta ulichelewa kushuka. Mke akajifunza kuendesha taratibu, kutokanyaga kwa pupa, kuachia mapema akiona kona. Alimsifu mumewe zahanati nzima. "Yule bwana ana mikono," alikuwa akituambia. Hapo ndipo ingefaa waishie, ndugu zangu. Yote yale yalikuwa halali, tena ni busara, na mwenye gari kuukuu akiyafuata hatajuta.

Lakini mwonja asali haonji mara moja. Bwana Tone akaanza kukesha na simu, anatazama watu wasiomjua wakimfundisha namna ya kubana zaidi. Jumapili moja, mkewe akiwa zamu, niliona miguu yake imetokeza chini ya gari.

"Jirani, unatafuta nini huko?" nikamuuliza.

"Napaka grisi tu, Mama Cherehani."

Mimi na vyuma wapi na wapi? Nikaendelea kushona.

Haikuwa grisi. Chini ya gari la namna ile pana chuma kirefu, mafundi hukiita shafti, kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Bwana Tone alikifungua na kukitoa. Ukikitoa, gari linavutwa na ya mbele peke yake, ya nyuma yanaburutwa kama wageni. Kwenye lami huwezi kutambua. Linakuwa jepesi kidogo, mafuta yanapungua kidogo, basi. Kwa nje hakuna kilichobadilika, hata lile neno nyuma ya buti linalojigamba kwamba linavuta kote lilibaki pale pale, linang'aa.

Alipanga kuirudisha ile shafti kabla ya masika. Hilo alilisema baadaye, nami namwamini. Lakini hakumwambia mkewe, kwa sababu alijua angekataa. Mke aliporudi na kuendesha, alisema, "Mbona siku hizi jepesi hivi?" Naye akamjibu, "Mikono ya mumeo hiyo." Mkunga akaja kunihadithia huku anatabasamu.

Mvua ikaja mapema kuliko ilivyozoeleka.

Alasiri ile ililetwa zahanati binti wa watu, mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya tumboni. Alisindikizwa na mama mkwe wake. Mkunga alimpima akaona hapa ni upasuaji, na muda wa kutosha upo lakini si wa kuchezea. Wakamlaza kiti cha nyuma, mama mkwe akakaa naye. Kabla ya kuwasha gari, Mkunga alimpigia mumewe simu kazini. Ilikuwa desturi yao, akitoka na mgonjwa lazima amwambie anapita wapi.

"Baba watoto, kumenyesha. Nipite kilimani au nizunguke?"

Bwana Tone alikuwa stoo, bosi wake amesimama mbele yake. Neno moja tu lilihitajika. Zunguka. Angeweza hata kulisema bila kueleza sababu. Lakini angelisema, jioni angeulizwa kwa nini, na angelazimika kujibu. Akajiambia huenda ni manyunyu tu.

"Wewe unalijua gari lako," akasema.

Basi Mkunga akashika njia ya kilimani, kwa sababu gari alilolijua yeye lilikuwa limepanda pale mara nyingi kwenye matope mabaya zaidi.

Walifika kwenye kona ya juu, pale penye mwinuko mkali. Uzito wote ulikuwa nyuma, na mbele, palipobaki na kazi yote, pakawa pepesi. Magurudumu ya mbele yakazunguka bure yakirusha udongo. Gari likarudi nyuma, likageuka ubavu, likaingia mtaroni. Wakulima wakatoka mashambani kusukuma. Mmoja wao akapiga kelele, "Dada, ya nyuma yamekufa! Hayazunguki kabisa!" Mkunga akakanyaga, akaachia, akakanyaga tena, analia na kuomba. Mpaka trekta lilipopatikana, mtoto alikuwa amekwisha. Mama yake aliokolewa hospitali. Yeye tu.

Nilikuwepo tulipokwenda kuwapa pole wafiwa. Mkunga alipoinama kumshika mkono yule mama mkwe, mkono ulirudishwa.

"Njia ya lami ilikuwepo," yule mama alisema. "Ulitupitisha matopeni kwa kiburi cha gari lako."

Mkunga akainuka. Akatazama alipokaa mumewe na wanaume wenzake. Mzee mmoja alikuwa anamuuliza Bwana Tone swali lile lile, kwa nini mkewe hakuzunguka. Nilimsikia kwa masikio yangu akijibu, kwa sauti ya huzuni kabisa, "Nimemwambia mara nyingi awe mwangalifu."

Na nyumbani akamwambia mkewe, "Umelikanyaga mno pale kilimani, umeyaua magurudumu ya nyuma. Lakini usijali, usilipeleke kwa fundi, nitalitengeneza mwenyewe taratibu." Alimwambia kwa upole. Akampikia hata chai. Sijui kama kuna ukatili unaouzidi upole wa namna ile.

Mwanamke yule akanyauka. Zahanati wakamwondoa chumba cha kujifungulia, wakampa kazi ya kufunga vidonda. Funguo za gari akazitundika ukutani. Alikuwa akija kukaa kwangu, anashika vitambaa na kuviachia. Siku moja aliniuliza, "Mama Cherehani, hivi mtu anaweza kuua na asijue alikosea wapi?" Nikamwambia ni kazi ya Mungu. Jibu hilo halikumsaidia, nami niliona halikumsaidia.

Ukweli ulitoka kwenye suruali. Aliniletea suruali ya kazi ya mumewe nimshonee mfuko uliotoboka, na ndani ya bitana nikakuta ufunguo umeteremkia. Nikampa. Ulikuwa wa stoo yao ya uani, ambayo Bwana Tone aliifunga kama alivyofunga ile ya kiwandani. Mkunga akasema afadhali, maana humo aliwahi kuweka gauni lake la kazi la zamani, nimkatie vitambaa vya kufutia vidonda. Akaenda. Akachelewa. Aliporudi alikuwa amelikumbatia gauni lile mikononi, na ndani yake mna kitu kirefu, kizito, chenye harufu ya grisi.

"Nini hii?" akaniuliza.

Tukakiweka garini, tukaenda kwa fundi gari wa barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza ashike usukani tangu siku ile. Fundi alikifunua kile chuma, akakipapasa.

"Shafti ya nyuma hii, tena nzima. Gari lenyewe limelala wapi?"

"Halijalala," Mkunga akasema. "Ndilo hilo tumekuja nalo."

Fundi akainama, akachungulia chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka alikuwa anafuta mikono ambayo haikuwa michafu.

"Imefunguliwa, mama. Imefunguliwa vizuri na spana, nati zimefungiwa kwenye kitambaa humu ndani ya gauni. Haikuvunjika. Hukuua kitu wewe."

Mkunga akakaa chini, pale pale kwenye mchanga wenye oili. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama wakati anapanda kilima chuma hiki kilikuwa garini. Fundi akatazama kutu iliyoanza kuota pale palipofungwa, akasema hapana, ilishatoka zamani, kabla ya mvua. Mkunga akaanza kusema "Ningejua ningezunguka," akalirudia, akalirudia, mpaka fundi akaenda kusimama mbali.

Jioni Bwana Tone aliporudi alikuta shafti imelazwa juu ya meza ya sebuleni, juu ya lile gauni. Nami nilikuwepo, niliitwa niwe shahidi.

"Nilitaka kuirudisha," akasema. "Nilikuwa nabana mafuta tu. Kwa ajili yetu."

"Nilikupigia simu."

"Bosi alikuwa amesimama..."

"Nilikupigia simu nikakuuliza njia. Ukaniambia nalijua gari langu." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya zahanati. "Halafu ukaniacha nitukanwe matangani. Ukaniambia nimeyaua mimi. Ukanipikia chai, baba watoto. Mimi nikainywa."

Mume akapiga magoti, akamshika miguu. Nilimwonea huruma, sitadanganya. Lakini mkewe alimpita kama anavyopita mtu benchi.

Kesho yake alikwenda kwa wafiwa akaweka chuma kile mbele yao, akawaeleza yote. Mama mkwe yule alilia, akamshika mkono aliourudisha siku ile, ingawa mjukuu wake hakurudi. Kisha fundi akairudisha shafti mahali pake. Mkunga akapakia nguo zake kwenye buti, akahamia nyumba za wafanyakazi wa hospitali, kule ng'ambo ya kilima. Siku hizi amerudishiwa kazi yake ya kupokea watoto hapa zahanati, anakuja na gari lile.

Bwana Tone alinijia mara kadhaa nimwendee mkewe kwa maneno. Nilikwenda mara moja. Mkunga alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema, "Mwambie nimeshasamehe mafuta. Hilo jingine bado."

Ikinyesha, gari lile husikika likipanda kilimani, linanguruma, linakunywa litakavyo, magurudumu yote manne yanauma udongo. Bwana Tone husimama mlangoni akasikiliza mpaka limevuka. Kazini anakwenda kwa miguu. Ametimiza alichokitaka, mafuta hatumii hata tone.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kubana matumizi si dhambi. Toeni matofali kwenye buti, jazeni matairi, safisheni machujio, endesheni kwa adabu. Ubaya unaanza pale unapobana kitu ambacho mwenzako amekiegemea, ukamwacha aendelee kuegemea. Umwambie. Akigomba, agombe, akikataa, ndivyo ilivyo, ni chake pia. Na ukishakosea, usimwachie asiye na hatia aubebe mzigo wako, hata kwa siku moja, kwa kuogopa aibu. Aibu ya kusema ingekwisha jioni ile ile. Bwana Tone aliibana, akaiweka akiba, na sasa anaitumia kila mvua inaponyesha.