Mbili, Kisha Kimya

Fundi Zedekiah alipowaambia wenzake wa River Road kwamba anakwenda Lavington kutengeneza mashua, walicheka mpaka wakashika mbavu. Mashua Lavington! Kwani matajiri wamechimba ziwa nyuma ya ua? Lakini ilikuwa kweli. Mwaka huo wa 1971, Bwana Kivuva, mkubwa fulani serikalini, alikuwa amenunua mashua ya tanga kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Jumamosi alitaka kuipeleka Naivasha. Ilikuwa na injini tumboni, na huko nyuma ya injini kulikuwa na kelele iliyokwisha kuwashinda mafundi wawili.

Jua lilikuwa linazama alipofika. Mashua ilisimama juu ya magogo katikati ya bustani, imepakwa rangi ya bluu.

"Fundi, hii kitu itanipandisha presha," Kivuva alisema. "Ukitia gia inagonga huko nyuma. Na saa ingine hata ukizima, inagonga tu."

"Ukizima? Hiyo haiwezekani, mzee."

"Ingia usikie mwenyewe."

Zedekiah alipanda ngazi na bisibisi yake ndefu. Hiyo ndiyo iliyompa jina mjini. Huweka ncha kwenye chuma, mpini sikioni, akakwambia ugonjwa wa injini kabla hujamaliza kueleza. Kivuva alifungulia mpira wa maji wa bustani ili injini isichemke, kisha akaiwasha. Zedekiah akajipenyeza tumboni mwa mashua, tochi mdomoni.

Alisikiliza injini. Safi. Akasikiliza gia. Safi. Basi kosa liko kwenye shafti, kile chuma kirefu kinachotoka nje kwenda kuzungusha pangaboi la kusukuma mashua. Akaomba injini izimwe, akaanza kufungua kiungio kinachoshika shafti na gia. Bolti nne tu.

Tatu zilitoka vizuri. Ya nne ikamsimamisha mkono.

Haikufanana na zile nyingine. Ilikuwa imekatwa kwa msumeno, kichwa kimesuguliwa kwa tupa upande mmoja. Zedekiah aliifahamu alama ya tupa ile. Ilikuwa yake. Aliisugua mwenyewe bolti hii Kisumu, miaka saba iliyopita, ndugu yake Shem akimshikia taa.

Mashua hii wakati ule ilikuwa nyeupe.

Jasho likamtoka. Akajiambia atulie, chuma ni chuma tu. Lakini mwili haukutaka kusikia.

Yeye na Shem walikuwa na desturi yao ya kazi. Kamba ikijizungusha kwenye pangaboi, mmoja alipiga mbizi kuikata, mwingine alibaki juu na gia. Aliye chini akimaliza, aligonga shafti mara mbili. Aliye juu alijibu mbili: nimesikia. Ndipo wa chini alipojiondoa, akaogelea mpaka ubavuni na kugonga ubao mara moja. Niko kando, tia gia. Hakuna aliyethubutu kuruka hata hatua moja.

Siku ile Shem alikuwa chini ya mashua hii hii, na upepo ulikuwa unawasukuma kwenye mawe. Zedekiah alisikia mbili. Hakujibu. Alitia gia.

Watu aliwaambia Shem aliteleza. Ziwa lilitafutwa siku nne na mwili haukuonekana, basi nyumbani wakazika tunda la mti wa yago, lile refu kama mkono wa mtu, badala ya mwili, ili marehemu naye awe na kaburi. Mwaka ulipopita wazee wakamkabidhi Zedekiah mjane wa ndugu yake, Peres, amtunze. Akampenda kweli. Walipata mtoto, Philister. Tangu siku hiyo Zedekiah aliogopa jambo moja tu duniani: Peres kujua.

Aliichomoa bolti ile. Shafti sasa haikushikana na kitu chochote. Akaweka ncha ya bisibisi juu yake, mpini sikioni. Kimya…

Ngo. Ngo.

Aliacha kupumua.

Harufu ikaja. Tope, magugu, maji ya ziwa. Mashua ilikuwa nchi kavu miezi mitatu, lakini pale shafti inapotokea nje tone lilining'inia, likaanguka. Likafuata jingine.

Ngo. Ngo. Kisha kimya kirefu. Kimya cha mtu anayengoja.

"Bwana Kivuva," alinong'ona. "Ni wewe unagonga huko nje?"

"Mimi niko hapa kwa ngazi, fundi. Nimekwambia. Hivyo ndivyo inafanya."

Ngo. Ngo.

Zedekiah hakukusudia. Hilo alilirudia baadaye kwa Mungu, kwa machozi. Ni mkono tu, mkono wa fundi uliofundishwa tangu ujana kwamba ukigongewa unajibu. Ulikwisha kuinua bisibisi. Ulikwisha kugonga.

Mbili.

Shafti ikazunguka polepole, nusu mzunguko, pasipo kuguswa na mtu. Ikasimama.

Halafu kando yake, ubavuni mwa mashua, upande wa pili wa ubao alioegemea bega…

Ngo.

Moja tu.

Hakukumbuka alivyotoka. Kivuva alimwona chini ya ngazi, mikono mitupu. "Umepata kosa?"

"Bushi ya shafti imekwisha, mzee. Haitagonga tena."

Fundi mwingine alirudisha bolti tu, na kweli haikugonga tena. Kivuva alimsifu kwa kila mtu.

Usiku ule Zedekiah alitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwake Kangemi, akishika upande wenye taa. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Alisali sala zote alizozijua, na katikati ya kila sala alisikia nyayo zenye maji zikimfuata, kisha zikimpita.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi.

Peres alikuwa ameketi kando ya meza, kibatari mbele yake, Philister amelala mapajani. Kwenye sufuria ugali ulikuwa umepoa. Sakafu ilikuwa imelowa kutoka kizingitini hadi kwenye kiti cha Zedekiah.

"Nani alikuja?" Zedekiah aliuliza.

"Mlango uligongwa. Mara moja tu." Peres aliongea polepole ili asimwamshe mtoto. "Nikafungua. Sikuona mtu. Hii ndiyo ilikuwa kizingitini."

Juu ya meza kulikuwa na bisibisi. Ndefu. Ilikuwa ikidondosha maji, na jani la gugu limenata kwenye mpini.

"Nimeisahau kazini," Zedekiah alisema. "Labda mteja ameniletea."

Peres hakuonekana kusikia. Kila siku alimwita Baba Philister. Tangu wazee walipomkabidhi kwake, hakuwahi kumwita kwa jina lake, hata kwa hasira.

"Zedekiah," alisema.

Alijua. Alijua kabla Peres hajamaliza kulitamka, na hakukuwa na mahali pa kukimbilia. Nyumba ilikuwa chumba kimoja.

"Siku ile ziwani," Peres alinong'ona, machozi yakimtiririka, macho yake yakiwa si kwa Zedekiah bali kwenye kile kiti kilicholowa. "Anauliza mbona hukumjibu."